Zege linapasuka, lipu inatoa shura: kusoma dalili za nyumba ya ufukweni kabla ya kuikarabati

Mwenye nyumba wa Masaki au Oysterbay, Dar es Salaam, akinipigia simu, mara nyingi ameshachagua marumaru. Jiko analolitaka amelihifadhi kwenye simu, rangi ya sebule anaijua, na anachotaka kutoka kwangu ni mafundi na tarehe ya kumaliza. Mimi huomba kwanza siku mbili za kuizunguka nyumba nikiwa na nyundo ndogo, tochi, ngazi na kipande cha nailoni. Wengine hukasirika. Wanaona nawachelewesha.

Lakini Rasi ya Msasani ina maji pande tatu. Kaskazi ikivuma inaleta chumvi, kusi ikivuma inaleta chumvi, na nyumba iliyosimama pale miaka thelathini imeimeza muda wote huo. Ukiweka jipsamu mpya chini ya boriti inayooza, umenunua pazia la bei ghali sana. Nimeshaona jiko la mamilioni likivunjwa baada ya misimu miwili ya masika kwa sababu bomba la nyuma yake halikuguswa. Kazi ya namna hiyo inaniuma, kwa sababu pesa ilikuwepo, mafundi walikuwepo, na kilichokosekana ni kuangalia tu.

Nimeyapanga hapa malalamiko kama ninavyoyasikia, na namna ninavyoyafuata mpaka kwenye chanzo.

"Vipande vya zege vinaanguka kwenye baraza"

Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa hiyo naanza nalo.

Dalili huanza kimyakimya. Kwanza unaona mstari wa kahawia chini ya slabu ya baraza la juu, kama mtu aliyemwaga chai. Halafu ufa mwembamba unaofuata mstari ulionyooka, kwa sababu unafuata nondo iliyo ndani. Mwisho zege linabenuka na kudondoka, na nondo inaonekana imevimba magamba.

Nyumba moja Oysterbay tulikwenda na mzee wangu wa zege, fundi aliyeanza kazi kabla sijazaliwa. Chini ya boriti ya baraza paliachia kipande kimoja tu, ukubwa wa sahani. Mama mwenye nyumba alitaka tuzibe, tupake rangi, tuendelee na ndani. Mzee akapanda ngazi, akaanza kugonga kwa nyundo kutoka ukutani kuelekea baharini. Ko, ko, ko. Mlio mkavu, mgumu. Alipofika kama mita moja kabla ya kile kipande, mlio ukabadilika ukawa mzito, kama kugonga boksi tupu. Akachora duara kwa chaki. Akasogea, akachora jingine. Alipomaliza, boriti nzima ilikuwa na maduara saba, na rangi yake juu ilikuwa nyeupe safi bila ufa wowote.

"Mzee, si mzibe tu pale palipodondoka?" mama akauliza.

"Mama yangu, nikiziba leo, mwakani utaniita tena, na mwakani huenda kitaanguka juu ya mtoto."

Kinachotokea ni hiki. Zege lisilo na kasoro lina asili ya kuilinda nondo isishike kutu. Chumvi ya bahari ikipenya mpaka kwenye nondo, ulinzi ule unavunjika. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi hata mara sita, na zege halina uwezo wa kuvutika, kwa hiyo linapasuka. Ufa ukishafunguka, chumvi na hewa vinaingia kwa urahisi zaidi, na mwendo unaongezeka.

Kwa nini inafika haraka hivyo? Sababu niliyoikuta mara nyingi ni kava ndogo. Mbele ya bahari nondo inatakiwa ifunikwe na zege la milimita 50 hivi. Nyumba nyingi nilizozifungua zina 20 au 25, na mahali pengine nondo ililazwa juu ya mbao za fomu bila biskuti hata moja, vile vipande vya kuinyanyua nondo. Sababu ya pili ni zege lililotiwa maji mengi ili limwagike kwa urahisi. Maji yakikauka yanaacha vinyweleo, na chumvi inapita humo. Ya tatu ni mchanga wa ufukweni. Ukivunja zege ukakuta vipande vya chaza na kome, ujue chumvi haikutoka nje. Iliwekwa humo tangu siku ya kwanza.

Wapo wanaopuliza ile dawa ya maabara inayogeuza zege lisilo na kasoro kuwa la waridi. Ni kipimo kizuri, ila kinaonyesha tu kama zege limepoteza ukali wake, ule unaoilinda nondo. Chumvi hakiioni. Nimekuta zege la waridi kabisa na nondo ndani yake imeliwa nusu. Ukitaka kujua chumvi imefika wapi, toboa kwa drili, kusanya unga wa kina tofauti kila mmoja kwenye mfuko wake, upeleke maabara. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na marumaru.

Matengenezo yenyewe: kabla ya tindo kugusa chochote, tegemeza kwa majeki ya chuma. Fukua mpaka nyuma ya nondo, kidole kipite, na endelea kufukua kwa urefu mpaka ufike kwenye chuma kisicho na kutu. Safisha mpaka ing'ae, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha jaza kwa mota maalumu ya kurekebishia zege. Nondo iliyokonda waziwazi aiamue mhandisi, fundi asiamue mwenyewe.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kiraka kizuri kinaweza kuharibu jirani yake. Ile sehemu iliyokuwa ikiliwa na kutu ilikuwa inazilinda sehemu za pembeni yake. Ukiitibu peke yake, kutu inahamia kwenye ukingo wa kiraka, na baada ya miaka michache unaona pete ya nyufa mpya imekizunguka. Ndiyo maana mzee alichora maduara saba, na ndiyo maana tuliyafungua yote.

"Ukuta unatoa unga mweupe, rangi inabambuka"

Ule unga ni shura. Maji yanapita ndani ya ukuta yakiwa yamebeba chumvi, yanafika juu, yanakauka, chumvi inabaki. Ikijikusanya nyuma ya rangi inaisukuma kama mkono. Kupaka rangi nyingine juu yake ni kuipa kitu kipya cha kusukuma.

Swali ni maji yanatoka wapi. Angalia urefu kwanza. Madoa yanayoanza sakafuni na kuishia kiunoni, karibu usawa mmoja ukuta mzima, ni unyevu unaopanda kutoka ardhini: hakuna nailoni au lami kwenye msingi, au bustani imejazwa udongo mpaka ikaupita usawa wa jamvi, zege la sakafu. Hili la bustani ni la nyumba za matajiri hasa. Kila mtunza bustani mpya anaongeza udongo na mbolea, baada ya miaka kumi maua yamelala ukutani na bomba la kumwagilia linaupiga ukuta kila asubuhi.

Madoa yaliyo sehemu moja tu, mwaka mzima, ni bomba. Yanayokuja masika na kukauka kiangazi ni gata, paa, au kingo za madirisha. Yaliyo kwenye ukuta unaotazama bahari, juu mpaka chini, ni mvua inayopigwa na upepo ikipenya lipu iliyopasuka.

Ukibaki na shaka, chukua nailoni ya upana wa nusu mita, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, iache siku mbili. Umande ukiwa upande wa chumbani, ni hewa ya ndani inayoganda kwenye ukuta wa baridi. Tatizo lako ni kiyoyozi na hewa kutotembea. Umande ukiwa nyuma ya nailoni, ukuta ndio wenye maji.

Chanzo kikishazibwa, bandua lipu mpaka nusu mita juu ya doa, sugua shura kwa brashi kavu (usiioshe, ukiiosha unairudisha ndani), acha ukuta upumue wiki kadhaa, ndipo upige lipu mpya kwa mchanga wa mto au wa machimbo uliooshwa. Wiki hizo ndizo zinazogombanisha watu. Ziandike kwenye mkataba tangu mwanzo.

Nyumba za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zina kanuni yake. Zilijengwa kwa chokaa, na chokaa inapitisha unyevu, ukuta unapumua. Ukizipiga lipu ya saruji ili zionekane mpya, unyevu unafungiwa ndani, jiwe linaanza kugeuka unga nyuma ya lipu ngumu, na ncha za boriti za mikoko zinaozea ndani ya ukuta mahali usipoziona. Dalili yake ni lipu inayoachia kwa mabamba makubwa ikiwa imebeba mchanga wa jiwe mgongoni. Dawa ni kurudi kwenye chokaa. Na kule usiguse ukuta bila idhini ya mamlaka inayohifadhi Mji Mkongwe. Mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000.

"Tuliondoa ukuta wa jikoni, sasa kuna nyufa ghorofani"

Kila mtu anataka sebule, jiko na bahari vionane. Sawa, panapendeza. Lakini nyumba nyingi za zamani za Oysterbay zinasimama juu ya kuta zenyewe, hazina fremu ya nguzo na boriti. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kwenye kona ya uwazi mpya, milango ya juu iliyoanza kugoma kufunga, taili za ghorofani zilizobenuka katikati: hivyo vitatu vikitokea ndani ya wiki chache baada ya kubomoa, simamisha kazi siku hiyohiyo, weka majeki, mwite mhandisi. Gundisha vipande vidogo vya kioo juu ya ufa. Kikipasuka, bado nyumba inatembea.

Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo kila aliyeshuka boti Zanzibar amelitazama, sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Siku za matengenezo ni siku ambazo nyumba kuukuu iko dhaifu kuliko zote. Mizigo inahamishwa, kuta zinafunguliwa, watu wako chini yake.

Kibali cha manispaa kinahitajika hata kama ni ukuta mmoja. Anayekuambia "hii ni ndani tu, haina haja" hatakuwepo ufa ukitokea.

"Chuma kisichoshika kutu kimeshika kutu"

Vishikio vya ngazi na baraza vinatoka madoa ya kahawia ndani ya miezi. Mara nyingi vimetengenezwa kwa daraja la 304, linalofaa bara. Ufukweni linatakiwa 316, lililoongezwa molibdeni kupambana na chumvi. Fundi akikuonyesha sumaku kuthibitisha, mwambie haitoshi: sumaku haitenganishi hayo mawili. Dai cheti cha muuzaji, au tumia matone ya kupimia molibdeni.

Na hata 316 inaharibika ikimwagikiwa ile asidi ya kuoshea taili mpya. Nimeliona hili mara nyingi: vishikio vinafungwa, halafu siku ya usafi wa mwisho kibarua anamwaga asidi sakafuni na mvuke wake unapanda. Osheni sakafu kwanza, vyuma vifungwe baadaye, kisha vioshwe kwa maji baridi kila wiki mbili.

"Milango imevimba, breka inakata"

Mlango wa mninga au mvule unaovimba masika kwa kawaida haukupakwa vanishi juu na chini, kwenye zile kingo zisizoonekana. Maji yanaingilia humo. Ung'oe, ukaushe, upake pande zote sita, ndipo urande. Ukianza kwa kuranda, kiangazi utakuwa na mwanya wa kupitisha mjusi.

Breka inayokata alfajiri au mvua ikinyesha, na mchana inatulia, inaonyesha umeme unaovuja kupitia chumvi yenye umande: taa za bustani, soketi za baraza, pampu. Zima saketi zote, washa moja moja mpaka uipate yenye kosa. Usikubali kamwe breka iondolewe "ili isisumbue". Hiyo ndiyo inayokulinda wewe na watoto kando ya bwawa. Kazi yenyewe mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji.

"Chumba kina baridi lakini nguo zinanuka ukungu"

Hapa wengi hununua kiyoyozi kikubwa zaidi, na hali inazidi. Kiyoyozi kikubwa kuliko chumba kinapoza hewa dakika chache, kinazima, bila kupata muda wa kuitoa unyevu. Unabaki na chumba baridi chenye maji hewani. Hewa ile ikigusa nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, fangasi wanazaliwa. Ongeza milango mipana ya vioo inayoachwa wazi ili bahari isikike huku kiyoyozi kinaunguruma, na dari itatoa jasho.

Punguza ukubwa, sogeza makabati yaachane na ukuta vidole vinne, safisha bomba la maji ya kiyoyozi, na agiza kifaa cha nje chenye mapezi yaliyopakwa kinga ya chumvi, kisimame upande wa nchi kavu.

"Bwawa linapungua maji"

Kabla ya kuvunja taili, chukua ndoo. Ijaze maji ya bwawa, isimamishe kwenye ngazi ya bwawa, weka alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na alama nyingine ya usawa wa bwawa nje ya ndoo. Rudi baada ya saa 24. Vikishuka sawa, ni jua na upepo. Bwawa likishuka zaidi, linavuja. Rudia pampu ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa: likipoteza zaidi pampu ikifanya kazi, tafuta kwenye mabomba ya kurudisha maji, likipoteza kiasi kilekile, tafuta kwenye taa, vichujio na nyufa za ganda. Bwawa lenye ukingo unaomwagikia upande wa bahari lipime pampu ikiwa imezimwa kwanza, maana upepo wa kusi peke yake unaweza kubeba maji mengi kwenye ukingo ule.

Usidharau sentimita. Bwawa la mita 8 kwa 4 linaloshuka sentimita moja zaidi ya ndoo limepoteza lita 320 kwa siku. Maji hayo yanakwenda chini ya sakafu ya baraza yakiwa na klorini, na ukifuatilia, mara nyingine ndiyo yanayolisha shura ya sebuleni.

Pia angalia mahali lilipo. Bwawa au baraza la mbao lililosogezwa mbele kuelekea maji linagusa sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nyumba kadhaa za zamani ziko ndani ya mstari huo. Ukirithi nyumba hiyo, usipanue kitu bila kuzungumza na taasisi ya serikali inayosimamia mazingira kwanza.

Hatari kubwa zaidi ni siku ya kulimwaga. Bwawa tupu kando ya bahari ni kama mashua. Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, ikijaa, mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji ya chini ya ardhi yanapanda na kulisukuma ganda kutoka chini. Linaweza kunyanyuka, kupasuka, kung'oa mabomba yote. Kwa hiyo tazama mwezi na jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kufungua vali yoyote. Mwaga wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, karibu wiki moja baada ya mwezi mpevu, nje ya masika, na hakikisha ile vali ya chini inayoruhusu maji ya ardhini kuingia inafanya kazi.

Bwawa la mwisho tulilolifanya Masaki, mwenye nyumba alituhakikishia vali ipo. Tukasubiri siku tisa maji mafu yafike. Tulipofikia sakafu hatukuiona. Mzee akapiga magoti, akagonga taili moja moja kuzunguka tundu la kutolea maji, mpaka moja ikajibu kwa mlio tofauti. Aliyekarabati kabla yetu alikuwa ameifunika kwa taili ili sakafu ionekane imenyooka. Tukaing'oa, tukakwangua saruji, na maji yakaanza kupanda taratibu kutoka chini, meupe, yanang'aa. Mzee akachovya kidole akaonja.

"Ya bahari," akasema, akaomba pampu ndogo.